Kabla ya Lipu, Mkanda

Mazungumzo na wananchi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa kuhusu ununuzi wa vifaa na ujenzi wa nyumba zinazohimili tetemeko la ardhi na dhoruba

Tumekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wenu hukinunua mara moja tu maishani, tena kwa gharama inayozidi ya kitu kingine chochote. Kitu hicho ni nyumba. Mtu akinunua jembe bovu, hasara yake ni jembe. Akinunua ukuta mbovu, hasara yake yaweza kuja usiku, watoto wakiwa wamelala.

Hatuna haja ya kuwatolea mifano ya mbali. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya mkoa wetu wa Kagera ilitikisika. Kitovu cha tetemeko kilikuwa upande wa jirani zetu wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, na ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupata nyufa. Mjini Bukoba, majengo ya shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Wengi wenu mnakumbuka mlipokuwa saa ile. Kumbukeni pia kwamba ilikuwa mchana, wakati ambao watu wengi huwa nje. Kila mmoja na ajiulize ingekuwaje kama tetemeko lile lile lingepiga saa 9 usiku.

Eneo letu liko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, unaopita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ardhi ya ukanda huo inaendelea kuachana polepole, na kila inapojisogeza kwa ghafla hutikisika. Ilitikisika Toro, Uganda, mwaka 1966. Ilitikisika Bukavu na kusini magharibi mwa Rwanda tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, na baadhi ya waliokufa walikuwa kanisani. Itatikisika tena. Hakuna mtaalamu wa nchi yoyote awezaye kututajia siku wala saa. Kwa hiyo maandalizi yetu hayawezi kungoja tangazo. Ni lazima yawe yamekwisha kujengwa ndani ya ukuta.

Kinachoua ni jengo

Wapo wasemao kwamba tetemeko ni kazi ya Mungu na mwanadamu hana la kufanya. Hatubishani na imani ya mtu. Tunasema tu kwamba ardhi hutikisika bila kutuuliza, lakini ukuta tuliujenga sisi wenyewe. Mwaka 2010 nchi mbili zilipatwa na matetemeko makubwa yaliyopishana kwa wiki chache. Haiti ilipigwa mwezi Januari na tetemeko la ukubwa wa 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Chile ilipigwa mwezi Februari na tetemeko la ukubwa wa 8.8, ambalo nguvu yake ilikuwa mamia ya mara kuliko lile la Haiti, wakafa watu wapatao 500. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini iliyo kubwa ni kwamba Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizozingatiwa kwa miaka mingi, na Haiti haikuwa nazo. Tetemeko dogo liliua wengi na kubwa likaua wachache, kwa kuwa majengo hayakuwa sawa.

Dhoruba ni hivyo hivyo. Kila mwaka, vuli inapoanza mwezi Septemba na masika inapoingia mwezi Machi, mvua zetu za milimani huja na upepo mkali, radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Upepo unaoezua paa la nyumba moja hupita juu ya nyumba ya jirani bila kung'oa bati hata moja. Upepo ni ule ule. Kilichotofautiana ni jinsi paa lilivyofungwa.

Nyumba huachana wapi

Ndugu wananchi, nyumba nyingi haziangushwi na unyonge wa tofali moja moja. Huanguka pale sehemu zake zinapoachana, yaani ukuta na ukuta kwenye kona, ukuta na paa, ukuta na msingi. Chukueni mbao nne mzisimamishe ziegemeane bila msumari. Zitasimama, na mtu aweza hata kuzipaka rangi zikapendeza. Mguseni kidogo mmojawapo, zote zitalala chini. Sasa zipigilieni misumari kwenye kona, mfunge na mkanda kuzunguka juu, kisha mzisukume. Zitasogea zote pamoja na kubaki zimesimama. Mbao ni zile zile. Kilichoongezeka ni maungio.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Msonge ulijengwa kwa miti na fito zilizofungwa kwa kamba kutoka chini hadi kileleni. Ulikuwa mwepesi, haukuwa na kona, na kila mti ulishikwa na mwenzake. Ardhi ilipotikisika, msonge uliyumba mzima. Upepo ulipovuma, uliuzunguka. Hatusemi turudi kwenye nyasi, kwa maana moto na mchwa vina habari yake. Tunachosema ni kwamba tulipohama kutoka mti na fito kwenda tofali na bati, tulichukua vifaa vizito zaidi na tukaacha zile kamba. Nyumba ya tofali inahitaji kamba zake pia, nazo ni nondo na zege.

Kamba kuu ya nyumba ya tofali ni mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, ambao mafundi wengi huuita linta. Tahadhari hapa. Fundi anaposema "nitaweka linta", muulizeni kama ataiweka juu ya mlango na dirisha peke yake au ataizungusha nyumba nzima. Kipande cha linta juu ya mlango hubeba tofali za juu ya mlango tu. Mkanda unaozunguka bila kukatika ndio unaozifanya kuta nne kuwa sanduku moja.

Tupige hesabu pamoja. Chukueni nyumba ya kawaida ya chini, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Kuta zake za nje zina mzunguko wa mita 28. Mkanda wenye nondo 4 za milimita 12 utahitaji mita 112 za nondo. Ukiongeza mapishano na kona, ni nondo 11 hivi za urefu wa mita 12. Ringi zikifungwa kila baada ya sentimita 20 zitakuwa 140, ambazo zitatoka katika nondo 9 za milimita 8. Mkanda wa upana wa sentimita 23 na kina cha sentimita 15 utakula takribani mita moja ya ujazo ya zege, yaani mifuko 6 hadi 7 ya saruji. Kuta za ndani zitaongeza kiasi chake. Mkiwa dukani, ulizeni bei za siku hiyo, kisha mlinganishe jumla na gharama ya lipu, rangi, vigae na dari mlizokuwa mmezipanga. Wengi mtagundua kwamba mkanda haukushindikana kwa kukosa fedha. Fedha yake ilikwenda kwenye kitu kinachoonekana na wageni.

Hiyo ndiyo nasaha yetu kubwa ya leo. Fedha ikipungua, lipu ingoje. Lipu yaweza kupigwa mwaka ujao, baada ya msimu mwingine wa kahawa. Mkanda hauwezi kuingizwa kirahisi chini ya paa lililokwisha kuezekwa.

Mambo ya kukagua katika mkanda ni manne. Kwanza, nondo zikunje kona na kupishana na nondo za ukuta wa pili kwa sentimita 60 hivi. Zisiishie konani kama fimbo mbili zilizogusana. Pili, ncha za ringi zikunjwe kuelekea ndani, ili zisifunguke zege likipasuka. Tatu, nondo zikae katikati ya zege, zisilale juu ya tofali, kwa hiyo fundi aziinue kwa vipande vidogo vya zege. Nne, zege likishamwagwa limwagiliwe maji kwa siku 7, kwa sababu saruji hukomaa kwa unyevu, na zege linalokaushwa na jua siku ya kwanza hubaki dhaifu.

Kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi hana maabara, lakini ana macho, mizani na subira.

Tuanze na nondo. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, na ya milimita 10 yenye urefu huo ina kilo 7.4. Mkiuziwa ya 10 kwa jina la 12, mmepoteza karibu asilimia 30 ya chuma, na hiyo ni karibu asilimia 30 ya nguvu. Pimeni nondo moja kwenye mizani kabla ya kupakia. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Saruji huuzwa kwa mfuko wa kilo 50. Tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na tarehe ya kutengenezwa. Bonyezeni mfuko, ukiwa na mabonge magumu ndani, saruji hiyo imekwisha kuonja maji, hata kama bei yake inavutia. Mkifika nyumbani, iwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, na mnunue kadiri ya kazi ya majuma machache yajayo.

Matofali ya kuchoma hupatikana karibu kila kijiji, lakini tanuri moja hutoa tofali za aina nyingi, kwa kuwa zilizokaa pembeni hazikuiva kama za katikati. Gonganisheni tofali mbili: zilizoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa sauti ya udongo. Angusheni moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ya kawaida, isivunjike. Lowekeni nyingine katika ndoo usiku mzima, isimomonyoke. Lipieni tofali mlizochagua, msilipie tanuri zima kwa kuliangalia tu.

Mchanga wenye udongo mwingi huila saruji. Jazeni chupa angavu mchanga nusu na maji nusu, mtikise, kisha muiache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga utakaa chini na udongo utakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Vipimo vya kuchanganya ni hivi: kwa kujengea tofali, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 6 za mchanga, kwa zege la mkanda, ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Maji yawe ya kutosha kuchanganyia tu. Zege linalomiminika kama uji ni rahisi kumwaga, lakini limenyimwa nguvu.

Tunafahamu kwamba familia nyingi hujengea tofali kwa udongo kwa sababu saruji ni ghali. Kwa nyumba ya namna hiyo tunashauri mambo matatu. Kuta ziwe fupi. Msingi uwe wa mawe ulioinuka angalau sentimita 30 juu ya ardhi, ili matone ya mvua yasile sehemu ya chini. Tena, hata kama ukuta mzima ni wa udongo, kona na kozi za juu zijengwe kwa saruji, na mkanda usikosekane. Nyumba ya udongo iliyofungwa ni salama kuliko nyumba ya saruji iliyoachana.

Madirisha nayo ni sehemu dhaifu ya ukuta. Dirisha lisikae karibu na kona. Achieni angalau sentimita 60 za ukuta imara. Jumla ya upana wa milango na madirisha isizidi nusu ya urefu wa ukuta.

Paa lililofungwa

Upepo hausukumi paa tu, huliinua. Unapopita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na unaoingia chini ya upenu au kwa dirisha lililo wazi hulisukuma kutoka ndani. Msumari uliopigiliwa wima kupitia ubao hung'oka kwa kuvutwa. Kwa hiyo kila kenchi ifungwe kwa kipande cha nondo nyembamba au utepe wa chuma uliozamishwa ndani ya mkanda wakati zege likiwa bichi. Fundi aviache vipande hivyo vikichomoza juu, avikunje kuzunguka kenchi na kuvipigilia. Gharama yake ni ndogo sana, nayo ndiyo tofauti kati ya paa linalobaki na paa linalookotwa katika migomba ya jirani.

Katika kununua bati, kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda, unene hupungua: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Rangi haielezi unene. Mvua ya mawe na upepo hulitoboa na kulipasua bati jembamba kwenye misumari. Misumari ya bati yenye kofia ipigiliwe juu ya mgongo wa bati, na iwekwe kwa ukaribu zaidi kwenye kingo za paa na kileleni, ambako upepo huvuta kwa nguvu zaidi. Mbao ziwe kavu na zilizotiwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi zikikauka hupinda na kuilegeza misumari. Paa la migongo minne huhimili upepo kuliko la migongo miwili, kwa sababu halina ukuta wa pembetatu kila upande. Ukuta huo, ambao mafundi huuita gebo, ni mzito, uko juu, na mara nyingi haukufungwa na chochote. Katika tetemeko ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuanguka. Kama nyumba yenu lazima iwe na gebo, izibeni kwa mbao au bati badala ya tofali. Paa la baraza nalo lifungwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa, ili upepo ukilichukua usiondoke na nyumba nzima.

Pale pa kujengea

Wilaya zetu ni za vilima na mabonde, na kiwanja tambarare ni adimu. Mwenye kukata mteremko ili apate uwanja asisimamishe nyumba nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya kifusi kilichomwagwa. Nusu moja itatitia na nyingine itabaki, na ukuta utapasuka kabla ya tetemeko lolote. Achieni nafasi kati ya nyumba na ukingo uliokatwa, mchimbe mtaro wa kupitisha maji juu ya ukingo, na mpande majani ya kushika udongo. Kwa wakazi wa mabonde ya Mto Kagera na vijito vyake, waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi kabla ya kuchimba msingi. Mkaratusi mrefu ulio karibu na nyumba hukinga upepo hadi siku utakapoanguka. Upandwe mbali kuliko urefu wake.

Fundi na mkataba

Haya yote hufanyika mikononi mwa fundi. Wengi ni waaminifu na wenye ujuzi, lakini kazi isiyokaguliwa huharibika hata mikononi mwa mtu mwema. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Utaje ukubwa wa nondo, idadi yake, umbali wa ringi, vipimo vya mchanganyiko na geji ya bati. Malipo yawe kwa hatua: msingi, kuta, mkanda, paa. Hatua ya mkanda iwe na sharti moja lisilovunjwa: zege lisimwagwe kabla mwenye nyumba hajaziona nondo. Baada ya zege, hakuna awezaye kuona kilichomo ndani, na hapo ndipo udanganyifu hujificha.

Vipimo tulivyovitaja ni vya nyumba ndogo ya chini. Atakayejenga ghorofa, ukumbi, darasa au nyumba ya ibada, asijenge kwa makisio. Aende kwa mhandisi wa halmashauri yake, aombe kibali cha ujenzi, na ahakikishe anayemchorea na kumsimamia amesajiliwa na bodi husika. Jengo linalokusanya watu wengi hukusanya pia hatari yao. Kwa shule tunaongeza kinga ya radi: mwezi Januari 2025 wanafunzi 7 wa sekondari walipoteza maisha kwa radi wilayani Bukombe, katika mkoa jirani wa Geita.

Nyumba iliyokwisha kujengwa

Wengi wenu hapa mna nyumba tayari, na hatutaki mrudi mkiwa na hofu pasipo kazi ya kufanya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mkoa wetu methali hii si fumbo. Lakini kuziba si kuficha. Ufa mwembamba kama unywele ndani ya lipu si wa kutisha. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaopita ukuta upande hadi upande, au unaoitenga kona, huo ni ishara kwamba nyumba inaachana. Chora mstari wa penseli kukatiza ufa, uandike tarehe, kisha utazame baada ya miezi mitatu. Ukiendelea kufunguka, mwite mhandisi au fundi mwenye sifa kabla ya kununua rangi. Lipu juu ya ufa kama huo humdanganya mwenye nyumba na humdanganya mpangaji wake.

Yako mambo ambayo mtu aweza kuyafanya wiki hii kwa fedha kidogo. Fungeni kenchi kwenye ukuta. Teremsheni gebo la tofali lililopasuka na mlizibe kwa bati. Hamisheni vitanda vya watoto kutoka chini ya gebo na kuta ndefu zisizo na ukuta wa kukatiza. Fungeni makabati ukutani na msiweke vitu vizito juu yake. Ondoeni mawe yaliyowekwa juu ya bati ili kulizuia upepo. Tetemeko likija, mawe hayo hushuka mlangoni, mahali mnapokimbilia.

Haki ya mnunuzi

Daini risiti ya kila mfuko na kila nondo, na mzitunze pamoja na mkataba hadi nyumba ikamilike na baada yake. Bila risiti, malalamiko hubaki maneno. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Ubora wa vifaa uko chini ya TBS. Mwenye kununua bima ya nyumba asome anacholipia: bima nyingi huanza na moto, na tetemeko au dhoruba huenda visiwemo mpaka viongezwe. Muulizeni wakala awaonyeshe mahali palipoandikwa. Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usikilizeni kabla ya kuamua mwezi wa kuezeka, kwa maana nyumba isiyo na paa lililokamilika ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya upepo.

Ndugu wananchi, tunajua jinsi nyumba zinavyojengwa huku. Fedha huja na msimu wa kahawa, kiangazi ni kifupi, na kila mtu angependa aingie kabla ya mvua za vuli. Katika haraka hiyo mtakuwa na uchaguzi mmoja mgumu: kununua kile kitakachosifiwa na wapita njia, au kile kitakachofichwa ndani ya zege na kisionekane tena. Tunawaomba mpange matumizi kwa utaratibu huu: kiwanja salama, msingi, kuta na kona, mkanda, paa lililofungwa, kisha vingine vyote kadiri mtakavyojaliwa. Nyumba isiyopigwa lipu lakini iliyofungwa imara haimpunguzii mtu heshima.

Mafundi mliopo, baada ya mazungumzo haya tutabaki nanyi uwanjani ili tufunge ringi na kupima nondo kwa mizani mbele ya kila anayetaka kuona. Wenye nyumba mnakaribishwa kusogea karibu na kuuliza.